Upepo wa tairi: namba ya kujaza, namna ya kupima, na unachopoteza ukikosea

Ukimwambia fundi pancha "niongezee upepo," mara nyingi atajaza 30 au 35 kwenye matairi yote manne bila kuuliza gari ni la aina gani wala limebeba nini. Akipatia, amepatia kwa bahati. Kila gari lina namba yake, na imeandikwa kwenye gari lenyewe.

Stika ya mlangoni

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambayo mlango hujifungia. Pana stika yenye saizi ya tairi na upepo wake. Baadhi ya magari ya Ulaya huiweka ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kwenye gari lililotoka Japani stika itakuwa ya Kijapani, lakini haikupi shida: tafuta saizi ya tairi, mfano 185/65R15, kisha namba za upepo kando yake. Herufi 前 ni mbele, 後 ni nyuma. Upepo huandikwa kwa kilopaskali, na pembeni kwa kilo kwa sentimita ya mraba, hivi: 230 (2.3).

Geji nyingi za mtaani zinasoma PSI, yaani paundi kwa inchi ya mraba. Kupata PSI, gawa kilopaskali kwa 6.9. Kwa hiyo 200 ni PSI 29, 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35, na 250 ni 36. Geji ya "bar" zidisha kwa 14.5, maana bar 1 ni kilopaskali 100.

Soma vizuri kama mbele na nyuma zinatofautiana, na kama kuna mistari miwili: mmoja wa gari lenye watu wawili watatu, mwingine wa gari lililojaa watu na mizigo. Tofauti ya mistari hiyo huwa kubwa zaidi nyuma, kwa sababu uzito wa nyongeza unakaa huko. Mwenye Noah anayebeba watu saba na mabegi hadi Moshi, kisha wiki nzima anazunguka mjini peke yake, anahitaji kujua mistari yote miwili.

Namba iliyochorwa kwenye ubavu wa tairi, "MAX PRESS 44 PSI" au 51, ni kitu kingine kabisa. Ni kikomo cha tairi lenyewe. Mtengenezaji wa tairi hajui litafungwa kwenye gari gani. Tairi moja huingia kwenye magari matano yenye uzito tofauti. Ukijaza kwa kufuata ubavu, gari dogo litaruka barabarani kama mpira.

Umebadilisha saizi ya tairi? Angalia namba ya uzito inayofuata saizi. Kwenye 185/65R15 88H, hiyo 88 maana yake tairi linabeba hadi kilo 560, na H ni mwendo wa juu wa km 210 kwa saa. Namba 84 ni kilo 500, 91 ni kilo 615. Tairi jipya lisiwe na namba ndogo kuliko la kiwandani. Ukihamia kwenye tairi lenye maandishi XL, usishuke chini ya stika hata kidogo: tairi hilo hubeba uzito wake kamili likiwa na upepo mwingi kuliko tairi la kawaida, kilopaskali 290 badala ya 250.

Pima tairi likiwa baridi

Namba ya stika ni ya tairi baridi: gari limelala au limesimama angalau saa tatu, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu hivi. Tairi lililotoka safari husoma PSI 4 hadi 6 juu ya kipimo chake cha asubuhi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafika sheli na matairi ya moto, geji inasema 32, stika inasema 32, wanaondoka wameridhika. Kesho yake asubuhi tairi lile lile lina 27 au 28.

Nunua geji yako. Hata ya bei ya chini ni bora kuliko ya sheli ambayo kutwa inadondoshwa sakafuni na kukanyagwa. Ya mshale wa duara au ya kidijitali inasomeka kirahisi. Ya kalamu inafaa pia ikiwa haijaingia mchanga. Ilinganishe mara moja na geji ya fundi unayemwamini. Hata ikikosea PSI moja, itakosea vile vile kila siku, na wewe utajua.

1. Pima asubuhi kabla jua halijapiga. Gari likiegeshwa upande mmoja juani, matairi ya upande huo yatasoma juu kuliko ya kivulini ingawa hakuna kilichoongezwa.
2. Fungua kifuniko cha valvu, ukiweke mfukoni. Ukikiweka chini kitapotea au kitaokota mchanga.
3. Bonyeza geji iliyonyooka, kwa nguvu moja, bila kusita. Ukisikia "tsss" ndefu, haijakaa, ondoa, rudia. Mlio mfupi sana ndio unaotakiwa. Pima mara mbili. Kama vipimo havilingani, pima ya tatu.
4. Jaza zaidi kidogo ya namba, PSI 1 au 2, kisha punguza kwa kubonyeza sindano iliyo katikati ya valvu huku ukipima. Kupunguza polepole ni rahisi kulenga kuliko kuongeza kwa bomba la kompresa.
5. Pakaa tone la mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Povu likivimba, sindano ya ndani imelegea au imechoka. Kuna ufunguo mdogo wa kuikaza, na sindano mpya ni kitu cha bei ndogo.
6. Rudisha kifuniko. Kazi yake ni kuzuia vumbi na maji yasifike kwenye sindano. Kwenye barabara za vumbi, valvu isiyo na kifuniko huanza kuvuja taratibu bila mtu kujua.

Huna kompresa nyumbani? Pima asubuhi nyumbani, andika kila tairi limepungukiwa ngapi, kisha ukifika sheli ongeza kiasi hicho hicho juu ya unachosoma pale. Kama kushoto mbele kulikuwa na upungufu wa 3 na sheli linasoma 33, jaza hadi 36. Na kama hukupima nyumbani, jaza stika na 4 juu yake, halafu hakikisha kesho yake. Usipunguze upepo wa tairi la moto kwa sababu tu "limezidi". Limezidi kwa joto, na mtengenezaji alishalihesabu joto hilo.

Mara moja kwa mwezi inatosha kwa gari zima, pamoja na kabla ya kila safari ndefu. Tairi zima lisilo na tundu hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi lenyewe, maana hewa hupenya kwenye raba. Ukiacha miezi mitatu, umeshashuka PSI 5 bila pancha yoyote. Wala usitegemee macho: tairi la redio, yaani radial, huvimba chini kidogo hata likiwa sawa, na lenye 24 halitofautiani na lenye 32 kwa mtu aliyesimama pembeni.

Mafuta: hasara ipo, lakini si ile inayotangazwa

Tairi likibingirika, sehemu inayogusa lami hukunjika na kunyooka tena, mamia ya mara kwa kila kilomita. Raba hairudishi nguvu yote iliyoikunja. Sehemu inageuka joto. Upepo ukipungua mkunjo unakuwa mkubwa, joto linaongezeka, na injini ndiyo inayolilipia.

Wizara ya Nishati ya Marekani huweka hesabu hivi: kila PSI 1 inayopungua kwa wastani wa matairi yote manne hupunguza umbali unaokwenda kwa lita kwa asilimia 0.2 hivi. Chukua gari linalokwenda km 12 kwa lita na kutembea km 1,200 kwa mwezi, yaani lita 100. Matairi yote yakipungukiwa PSI 8, umepoteza lita 1.6 hivi. Mtu anayekuahidi kwamba upepo peke yake utakupunguzia robo ya gharama ya mafuta anakudanganya. Lita moja na nusu kwa mwezi ni hela, na kwa mwenye teksi au Bolt anayetembea mara nne ya hapo ni hela zaidi, lakini hasara kubwa iko kwenye tairi lenyewe.

Tairi lenye upepo mdogo hukanyaga kwa mabega. Kashata za pembeni, yaani raba iliyochongwa inayogusa lami, zinaisha huku za katikati zikiwa bado nzima, na tairi lililopaswa kudumu miaka linaenda kutupwa likiwa na nusu ya raba yake. Lenye upepo mwingi hula katikati. Pitisha kiganja juu ya tairi: bega moja tu likiwa limeliwa, la ndani au la nje, tatizo si upepo, ni alaimenti au boljointi. Kashata zikiwa na meno kama msumeno, au zimeliwa mabonde mabonde, angalia shokapu na balansi kabla ya kununua tairi jipya, la sivyo na jipya litaliwa hivyo hivyo.

Wapo wanaojaza 40 au zaidi ili kuokoa mafuta. Ni kweli tairi gumu hubingirika kirahisi, lakini kila PSI ya juu inaleta faida ndogo kuliko iliyotangulia, wakati eneo linaloshika lami linazidi kuwa dogo. Ukitaka kuongeza, PSI 2 juu ya stika zinatosha na hazidhuru. Zaidi ya hapo unabadilishana breki na vijiko vya mafuta.

Ulaini wa gari

Tairi ni springi ya kwanza ya gari. Likiwa gumu mno, kila kokoto, kila rasta na kila kiungo cha daraja hupanda moja kwa moja hadi kwenye usukani, na bushi na shokapu hubeba mapigo ambayo tairi lingeyameza. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, tairi gumu hurukaruka juu ya mawimbi badala ya kuyafuata, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Ndiyo maana gari lenye 40 nyuma huanza kucheza mkia kwenye kona za vumbi.

Laini mno nako kuna gharama yake. Gari linaogelea, usukani mzito ukiwa mwendo mdogo, na ukikata kona unasikia nyuma inachelewa kufuata. Lakini baya zaidi ni shimo. Tairi lenye upepo mdogo likiingia shimoni, ubavu wake hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu na nyuzi za ndani zinakatika. Dalili ni uvimbe kama yai ubavuni, siku hiyo au wiki inayofuata. Uvimbe huo hauzibwi. Pale panashikiliwa na raba tupu, na tairi hilo halifai kwenda hata mkoa wa jirani.

Kwa nini tairi hupasuka safarini

Mambo matatu hukutana: upepo mdogo, mzigo mkubwa, mwendo mrefu wa kasi. Joto linajengeka kwenye mabega, pale nyaya za chuma zinapoishia, mpaka raba na nyaya zinaachana. Lami ya saa nane mchana kati ya Chalinze na Segera inaongeza lake. Kwa hiyo tairi laini la mjini, ambalo miezi yote halikukupa shida kwa km 40 kwa saa, linakuja kupasuka siku ya safari.

Mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka barabarani na magari kupinduka. Kasoro za tairi zilikuwepo, lakini mjadala uligusa pia upepo: Ford ilikuwa imependekeza PSI 26, kiwango cha chini ambacho hakimwachii dereva nafasi ya kusahau. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozaa taa ya upepo kwenye dashibodi, ambayo ikawa lazima kwa magari mapya yote madogo ya huko kuanzia matoleo ya 2008. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa huko lazima liwe nayo.

Taa hiyo ina mipaka. Kwa sheria ya Marekani inapaswa kuwaka upepo ukishuka asilimia 25 chini ya stika. Kwa gari la 32, hiyo ni 24: tairi limeshateseka kabla taa haijasema neno. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina kihisi chenye betri ndani ya kila gurudumu. Betri huisha baada ya miaka mitano hadi kumi, na magari mengi yaliyotumika hufika bandarini yakiwa karibu na umri huo. Taa ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, ni mfumo wenyewe ulioharibika, si lazima upepo. Ya pili haina kihisi cha upepo. Inalinganisha mzunguko wa magurudumu kupitia vihisi vya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga), maana tairi laini huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Hiyo haioni kitu matairi yote manne yakishuka kwa pamoja, na kila ukijaza upepo lazima uiweke upya kwa kitufe au kwenye menyu.

Mvua

Kwenye maji mengi, upepo ndio unaolipa tairi nguvu ya kuyasukuma pembeni. NASA, shirika la anga la Marekani, kwa majaribio ya matairi ya ndege, ilipata kanuni kwamba kasi ya tairi kupanda juu ya maji inategemea kipeuo cha pili cha upepo. Kwa PSI 32 kanuni inatoa karibu km 94 kwa saa. Kwa 20 ni karibu km 75. Tairi la gari lina umbo lake na kashata zake, kwa hiyo usichukue namba hizo kama ruhusa ya mwendo. Tairi kipara huelea mapema zaidi. Nchi nyingi zinataka kina kisichopungua milimita 1.6, na kuna vinundu vidogo ndani ya mifereji ya tairi vinavyoonyesha kiwango hicho: kashata zikifika usawa wa vinundu, tairi limekwisha.

Pwani na bara

Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na ya nje. Nairobi, takriban mita 1,800 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo tairi lililojazwa Mombasa lingesoma karibu PSI 3 zaidi kule kama joto lisingebadilika. Lakini asubuhi ya Nairobi ina baridi: nyuzi 12 pungufu hivi, na kila nyuzi 6 hushusha PSI 1. Mwishowe linabaki ongezeko la PSI 1 tu. Kwa anayeteremka pwani ni kinyume chake. Dar hadi Mbeya hesabu ni hiyo hiyo. Usiguse kitu njiani; lala, pima asubuhi ya kwanza ulikofika, rekebisha kwa stika.

Mtaalamu wa duka la matairi akikuuzia naitrojeni, jua kwamba hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Naitrojeni tupu inavuja polepole kidogo na haina unyevu, haina ubaya, ila haikuondolei kazi ya kupima. Na ikipungua ukiwa mbali, ongeza hewa ya kawaida bila wasiwasi.

Tairi moja linalopungua kuliko mengine

Likishuka PSI 3 kwa wiki wakati wenzake wametulia, kuna tundu. Changanya sabuni ya unga na maji, mwagia polepole ukianza na valvu, kisha kashata zote ukizungusha gurudumu, mwisho ukingo unaokutana na rimu pande zote mbili. Rimu za aluminiamu zilizozeeka huota kutu nyeupe kwenye ukingo na hewa hupita hapo. Tairi livuliwe, rimu isuguliwe, lirudishwe. Shina la valvu la raba lenye nyufa libadilishwe kila unapofunga tairi jipya.

Msumari uliopo katikati ya kashata, tundu lisilozidi milimita 6, huzibika. Uzi wa raba unaosokomezwa kutoka nje hukufikisha nyumbani. Ziba ya kudumu ni kiraka cha ndani, na hapo tairi lazima livuliwe. Likivuliwa, chungulia ndani mwenyewe. Ukiona vumbi jeusi la raba na mduara uliochubuka kuzunguka ubavu, tairi hilo limetembea bila upepo na ubavu umeshasagika. Fundi atakuambia linazibika, na kweli tundu linazibika. Mwachie. Tundu la begani au ubavuni nalo ni hivyo hivyo, halizibwi.

Spea

Ndilo tairi linalosahaulika. Kama ni la kawaida, lijaze PSI 3 au 4 juu ya namba kubwa ya stika, maana kupunguza njiani ni rahisi kuliko kuongeza. Kama ni jembamba la dharura, linataka upepo mwingi, kwa kawaida kilopaskali 420, yaani PSI 60, na mwendo usiozidi km 80 kwa saa. Vyote vimeandikwa ubavuni mwake. Soma pia tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Spea lenye kashata zote lakini lililotengenezwa miaka kumi iliyopita lina raba iliyokauka, na likifungwa nyuma ya gari lenye mizigo linaweza kupasuka kabla hujafika kwa fundi.